Mwandiko wa Mama Yasmina

Biryogo, Kigali
28 Julai 1991

Mwanangu Yasmina,

Salamu za asubuhi na za jioni, maana sijui barua hii utaisoma saa ngapi. Mwili ni mzima. Ila moyo hauko mahali pake tangu Jumatatu.

Jumatatu Nzeyimana aliegesha lori lake la chai akaja kibarazani kwangu kuomba maji. Nikamuuliza, mwanangu hajambo huko kiwandani? Akacheka yule mtu. "Mama Yasmina, binti yako iko na kofia siku hizi." Kofia gani? "Ya chama kipya. Cha wajamaa." Nilikuwa nashona kanzu ya mtu, sindano ikapita kwenye ukucha.

Najua sheria imetoka, redio imesema, vyama vingi ruhusa. Lakini redio haikai Biryogo. Biryogo anakaa Eustache, nyumbakumi wetu, na zile nyumba kumi zake anazihesabu hata tukiwa tumelala. Jana alisimama mbele ya cherehani yangu akashika kitambaa kama anataka kununua, akauliza, "Yule wa kiwanda cha chai ndiye Yasmina wako?" Mtu aliyekula pilau ya arusi yangu ananiuliza kama wewe ni wangu!

Sha, mwanangu, umemsahau Mutsinzi? Fundi mwenzangu wa ng'ambo ya barabara. Oktoba iliyopita, vita vilipoanza mpakani, askari walimkokota hadi uwanja wa mpira pamoja na wale mamia, amerudi Machi, na hakuna aliyemwambia kosa lake. Mpaka leo anakaa mbele ya cherehani yake, hashoni, haongei. Yeye hakuwa hata na kofia.

Tena huo ujamaa mimi nimeuishi. Kigoma, na marehemu baba yako, nilipanga foleni ya sabuni tangu alfajiri, wewe umenishika kitenge, sabuni ikaisha kwa mtu wa mbele yangu. Hiyo ndiyo unataka kuniletea Kigali?

Warudishie kofia yao. Nimekushonea sweta la buluu, maana huko milimani kwenu kuna baridi. Limo kwenye mfuko, Nzeyimana asije akalivaa.

Mama yako


Kiwanda cha chai
11 Agosti 1991

Mama yangu mpendwa,

Sweta limefika, na Nzeyimana alikuwa amelivaa.

Umenieleza habari ya sabuni ya Kigoma. Sasa nisikilize na mimi. Huku kila Jumatano zamu ikiisha tunasimamishwa uwanjani kwa animasiyo, zile nyimbo na ngoma za kukisifu Chama, kile cha serikali. Chama chenyewe hakuna aliyekiomba, tumezaliwa tumo. Kigali mnasema animasiyo zimepungua. Mkurugenzi wetu hajasikia, akipata wageni lazima tucheze.

Jumatano moja alipata wageni. Kanyange, mwenzangu wa chumba cha kuchambua majani, alikuwa na siku kumi na mbili tangu ajifungue. Akaomba akae. Akaambiwa mgonjwa haendi kazini, na aliyekuja kazini si mgonjwa, basi acheze. Akacheza, Mama. Maziwa yakamtoka yakalowesha blauzi mbele ya wageni, na wageni wakapiga makofi. Mimi nikaacha kupiga makofi. Hilo tu ndilo nililofanya. Niliiweka mikono yangu nyuma. Nikageuka nikaona na wengine wameiweka nyuma.

Ndipo wakaja watu wa chama cha wafanyakazi na wakulima. Walituuliza tunataka nini. Tangu nizaliwe sijaulizwa swali hilo na mtu wa serikali wala wa siasa. Tukawaambia: likizo ya uzazi, vitambaa vya kufunga pua tusile vumbi la chai, na asiyetaka kucheza asicheze. Wakaandika. Sasa tuko watu arubaini na mmoja, na mimi ni katibu wa tawi kwa sababu nina mwandiko mzuri. Huo nimeurithi kwako, usiniambie niutupe.

Kazi yangu iko salama. Usiogope.

Binti yako, Yasmina


Biryogo
1 Septemba 1991

Mwanangu,

Ya Kanyange nimeyasoma mara mbili, nikakaa kitako. Mwambie anywe uji wa mtama, asilale bila kujifunika kifua.

Huku hakuna neno. Wateja wapo. Eustache amekuwa mtu mwema kwetu, kuna jambo amenisaidia, jambo dogo tu la mzazi, wala usiulize. Siku moja utalijua na utanishukuru. Wewe kula, lala, fanya kazi. Kofia iweke ndani ya sanduku, chini kabisa.

Nimeanza kulala tena.

Mama yako


Kiwanda cha chai
6 Oktoba 1991

Mama,

Sina salamu leo.

Jumatano Mkurugenzi alitukusanya akatoa karatasi. Akasoma: "Mimi Yasmina, katibu wa tawi, nimedanganywa na wajamaa. Natubu. Narudi kwenye Chama na nawaomba wenzangu wote warudi." Chini pana sahihi. Watu wakanigeukia. Nikasema kwa sauti: si yangu hiyo, sijaandika! Mkurugenzi akanipa niitazame. "Basi tuambie, ni mwandiko wa nani?"

Nikautazama, Mama. Ile Y yenye mkia uliopinda kama ndoano ya kufumia. Ile namba nne ya tarehe isiyofungwa juu. Miaka yote nimekusomea daftari lako la vipimo vya nguo, kifua, kiuno, mkono. Nisingeujua?

Ningesema nini? Kwamba mama yangu ameghushi, wakufuate hapo kibarazani? Nikanyamaza. Na kule kunyamaza kwangu ndiko kulikonihukumu zaidi ya karatasi yenyewe.

Tulikuwa arubaini na mmoja. Jioni ile kofia zililetwa mlangoni kwangu moja moja, nimebaki na watu sita. Kanyange aliileta ya kwake mwenyewe. Hakunitukana. Aliiweka chini, akasema, "Nilicheza mara moja kwa kulazimishwa. Wewe umenichezesha kwa hiari yangu." Akaondoka.

Nataka kujua kitu kimoja tu. Ulikuwa unaandika, kalamu iko mkononi, ulifikiria nini?

Yasmina


Biryogo
20 Oktoba 1991

Yasmina mwanangu,

Umeniuliza, nakujibu, sitajificha.

Eustache alikuja mwisho wa Agosti akaketi kwenye kigoda cha wateja. Akasema, "Mama Yasmina, kuna orodha. Jina la binti yako limo. Ikifika Oktoba watu watakumbuka Oktoba." Mimi nilikuwa namtazama Mutsinzi ng'ambo pale, kakaa na mikono juu ya mapaja. Eustache akasema, "Ni karatasi tu. Binti hajaolewa, mzazi anamsemea, hata posa ikija si wewe utakayejibu? Basi jibu na hili. Itakaa ofisini kwenye faili, yeye hatajua." Akanisomea maneno, nikaandika. Akasema niandike jina lako, nikaliandika.

Nilifikiria nini? Nilifikiria vidole vyako, visije vikawa kama vya Mutsinzi. Basi. Nilisoma darasa tatu, Yasmina, na madrasa. Sijui faili linatembeaje. Nilidhani karatasi ikiingia ofisini inakaa, kama kitambaa kabatini. Kumbe ina miguu.

Sikujua kama nimechukua mdomo wako. Nilidhani nimekufunika shuka.

Wateja nao nilikudanganya, hawapo. Tangu Agosti wanapita upande wa pili.

Waambie wenzako ni mimi. Sema: ni mama yangu. Sasa hivi, ukimaliza kusoma.

Mama yako


Kiwanda cha chai
3 Novemba 1991

Mama,

Siwezi. Kughushi ni jela, na wanasubiri nitamke jina tu. Hasira yangu imepungua, tuliache hapo. Usije huku. Usiseme kwa mtu.

Nzeyimana ana mdomo, basi bora uyasikie kwangu: sipo tena chumba cha kuchambua. Wamenihamishia uani kupanga kuni za tanuri. Mikono imepasuka lakini ipo. Wale sita tunakutana. Tawi la watu sita ni tawi.

Yasmina


Biryogo
4 Desemba 1991

Mwanangu,

Umeniambia nisiseme kwa mtu. Nimesema kwa watu wote.

Jumamosi tulikuwa kwenye umuganda, ile kazi ya lazima ya wote, tunachimba mtaro wa segiteri yetu, halafu mkutano kama kawaida, tumesimama na majembe yetu. Konseye, mkubwa wa segiteri, kaongea mpaka jua limetuingia kichwani. Mwisho akauliza kama anavyouliza siku zote, "Kuna mwenye neno?" Siku zote hakuna. Nikasikia mtu anasema "Mimi nina neno," nikageuka kumtazama, kumbe ni mimi.

Nikasema: "Kuna barua ilisomwa kiwanda cha chai kwa jina la Yasmina. Yasmina hakuiandika. Niliiandika mimi, Mukashema, kwenye kibaraza changu, na aliyenisomea maneno ni nyumbakumi Eustache, yule pale mwenye kofia ya jua."

Eustache akasema, "Mama huyu ana homa."

Nikamwambia, "Homa nilikuwa nayo Agosti, sasa imepoa."

Watu wakacheka, wa nyuma nyuma. Konseye hakucheka. "Mama, unajua unakiri kughushi?"

"Najua. Nifungeni. Ila mnifunge na mwalimu wangu, mimi ni wa darasa tatu, maneno kama wajamaa na natubu nitayatoa wapi peke yangu?"

Hapo Eustache akakasirika. "Nyinyi Waswahili wa Biryogo kazi yenu kushona na kuuza. Siasa mtuachie wenyewe!"

Nikamwambia: "Tuliwaachia. Mkaja nayo kibarazani kwangu, mkakalia kigoda changu."

Konseye akauliza kama nina shahidi, maana anajua hakuna. Halafu Mutsinzi akaweka jembe chini. Wallahi, Yasmina, sauti yake nilikuwa nimeisahau. Akasema, "Mimi nakaa ng'ambo, sina kazi, naona kila kitu. Eustache alisoma, huyu mama akaandika. Alipofika kwenye jina kalamu ilisimama. Eustache akapiga kidole kwenye karatasi, hapa. Nimeona." Akachukua jembe lake, akarudi kusimama.

Konseye akafunga mkutano. Hata wimbo haukuimbwa.

Barua ya wenzako nimeiweka humu. Nimeiandika kwa mkono uleule. Wasome mbele ya watu kama walivyoisoma ile.

Mimi sijambo. Hakuna kilichonipata.

Mama yako


(Humo ndani)

Kwa wafanyakazi wa kiwanda cha chai,

Mimi ni mama yake Yasmina, jina langu Mukashema, fundi wa nguo, Biryogo. Utazameni mwandiko huu vizuri. Kama ile karatasi ya Oktoba ipo, iwekeni pembeni ya hii. Y ni ileile na nne ni ileile, 4, 4, 4. Ile niliandika mimi kwa woga, kwa jina lisilo langu. Mwanangu aliujua mwandiko wangu akanyamaza ili nisifungwe, mkadhani amewauza. Hakuwauza. Alininunua mimi kwa heshima yake, na mimi sikustahili bei hiyo.

Sasa nasema kwa jina langu, na wakitaka kunifuata kibaraza changu ni cha tatu kutoka msikitini.

Mimi sijui siasa. Nilipokuwa Kigoma wakubwa waliitwa wajamaa na sabuni haikuwepo, na nyinyi mkishika serikali nitakuja na ndoo yangu kuwauliza sabuni iko wapi, msidhani nitawaonea haya. Lakini najua kitu kimoja. Mwanamke wa siku kumi na mbili hachezeshwi. Kama kusema hivyo ndiyo ujamaa, basi hata bibi yangu alikuwa mjamaa, na ng'ombe wake pia.

Kanyange, binti yangu, kofia yako irudishe kichwani. Aliyekuchezesha ni mimi. Nikasirikie mimi.

Mukashema


Kiwanda cha chai
22 Desemba 1991

Mama yangu,

Sijui nianzie wapi.

Niliipa barua yako Kanyange, nikamwambia soma mwenyewe kwanza. Akaisoma amesimama. Akaniuliza, "Ulijua siku ileile?" Nikasema ndiyo. "Na ukaacha nikutupie kofia?" Ndiyo. Akanipiga kofi la bega, Mama, la nguvu, halafu akanikumbatia.

Jumatano tulipopangwa uwanjani akatoka mstarini bila ruhusa, mtoto mgongoni, akapanda kwenye jukwaa la mizani ya majani akaisoma yote. Ya ng'ombe wa bibi watu walicheka mpaka wakalia. Mkurugenzi akapaza sauti, nani kamruhusu? Kanyange akamwambia, "Bwana, leta ile karatasi yako tulinganishe." Hakuileta. Watu wakawa wanasema nne, nne, nne, wanaonyesha vidole vinne. Animasiyo ya siku ile ikawa hiyo. Na tangu siku ile hatujachezeshwa tena, ingawa hakuna aliyetamka kwamba zimefutwa.

Sasa tuko watu sitini na watatu. Bado nipo kwenye kuni, hawajanirudisha. Vitambaa vya pua havijaja. Tumeandika upya, na safari hii kila mtu ametia sahihi yake mwenyewe, wasiojua kuandika wametia dole gumba.

Lakini Mama, Nzeyimana ametoka Kigali juzi. Anasema kibaraza chako ni kitupu. Anasema cherehani haipo na wewe ulilala siku mbili mahabusu ya komini, kwenye ofisi za serikali. Uliniandikia "hakuna kilichonipata." Tutaacha lini, mimi na wewe, kudanganyana kwa mapenzi?

Niambie ukweli wote. Na kama unataka niache, safari hii niambie mimi, usiandike kwingine.

Yasmina


Biryogo, Kigali
5 Januari 1992

Yasmina,

Nzeyimana siku moja ulimi wake utalizidi lori lake. Haya, ukweli wote.

Walinichukua Jumapili baada ya ule mkutano, wakaniachia Jumanne. Barua yako niliiandika Jumatano mgongo unaniuma, nikaona nisikusumbue. Hawakunipiga. Walinipigia kelele, na mimi nimezaa, kelele nazijua. Cherehani wameichukua kuwa ushahidi. Nikawaambia, jamani, barua niliandika kwa kalamu, cherehani imeghushi nini? Yule askari mwenyewe alitaka kucheka. Ipo komini mpaka leo, imewekwa chungu cha maua juu.

Nilikaa wiki moja nashona kwa mkono. Halafu Mutsinzi akavuka barabara. Hajavuka tangu atoke kule. Akasema, "Yangu imekaa bure, njoo." Basi sasa nipo ng'ambo, kibarazani kwake. Mimi nakanyaga, yeye anashika kitambaa, maana vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki tena, lakini kushika anashika. Kuanzia hapa namwona Eustache akipita. Ananisalimia, namwitikia. Kigoda sijamkaribisha.

Na wateja wamerudi, usiniulize kwa nini. Mmoja alileta suruali isiyo na tundu hata moja, akasema nimtafutie.

Wale wa chama chako wa hapa mjini walikuja kutuomba bendera, kwa sababu Jumatano vyama vya upinzani vinaandamana. Wametuletea mchoro, jembe na nyundo. Nikawauliza, huyu wa jembe ni mkulima, huyu wa nyundo ni wa kiwandani, na sisi tuliowashonea mnachopeperusha tuko wapi? Wakasema mchoro umetoka juu. Nikasema na kitambaa kimetoka kwangu. Mutsinzi ametia sindano kati ya jembe na nyundo, na uzi wake mwekundu unaning'inia. Alichukua siku nzima kwa vile vidole. Wakisema tumeharibu chama, waje washone wenyewe.

Naogopa, Yasmina. Usidhani nimeacha. Jana nimeota Oktoba. Nikisikia gari linapunguza mwendo naacha kukanyaga. Lakini naogopa nikiwa nimesimama, na ni tofauti na vile nilivyokuwa naogopa nikiwa nimekaa na kalamu ya mtu mwingine.

Umeniuliza kama nataka uache. Nataka. Mama gani hatataka? Nataka uwe hapa, umeolewa na mtu mpole, unalalamika juu ya bei ya vitunguu. Lakini sikuambii uache, kwa sababu ukiacha utaacha kwa mdomo wangu tena, na huo mdomo wako nimeshaukopa mara moja, nikaurudisha umechanika.

Jumatano nitatembea. Nyuma, na akina mama, pembeni ya Mutsinzi, anayetaka kushika mti wa bendera kwa mkono ulio mzima. Viatu nimevipaka rangi.

Ile fomu yenu ya chama uliyompa Nzeyimana, akaifungia karanga alizoniletea, nimeinyoosha kwa pasi. Nimeijaza. Kazi, nimeandika fundi. Elimu, darasa tatu. Pale penye sahihi niliweka kalamu, ikasimama kidogo, kama siku ile. Mutsinzi akanitazama. Nikamwambia usinionyeshe kidole, napajua pa kutia.

Ibandike kwenye daftari lako. Usinisaidie kitu, usinitengenezee hata mkia wa herufi moja.

Mukashema